Noti iliyounganisha visiwa vya Karibi

Mfanyabiashara anayevuka mpaka Namanga, Busia au Mutukula anajua jinsi faida inavyomegwa mezani kwa mbadilisha fedha. Shilingi ni jina moja, lakini thamani ni mbalimbali. Katika Karibi ya mashariki, tatizo hilo liliwahi kuondolewa kwa noti moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Uingereza ilianzisha noti za dola za pamoja kwa makoloni yake ya Trinidad na Tobago, Barbados, Guiana ya Uingereza na visiwa vya Leeward na Windward. Kabla ya hapo Trinidad, Barbados na Guiana kila moja ilikuwa na noti zake. Jamaica ilibaki nje. Dola 4.80 zilikuwa sawa na paundi moja.

Kazi ya uchapaji ilipewa kampuni ya Bradbury Wilkinson ya Uingereza. Picha zilichongwa kwenye mabamba ya chuma, na wino ukainuka juu ya karatasi kiasi cha kuhisiwa kwa kidole. Ulikuwa ulinzi dhidi ya noti bandia. Noti za kwanza zilikuwa na picha ya Mfalme George wa Sita. Kuanzia 1953 akawekwa Malkia Elizabeth wa Pili. Upande wa mbele ulikuwa na ramani ya visiwa. Dola moja ilikuwa nyekundu, mbili bluu, tano kijani.

Umoja huo haukudumu. Trinidad na Tobago ilitoa dola yake mwaka 1964, na mwaka uliofuata dola ya Karibi ya Mashariki ikachukua nafasi ya ile ya zamani. Guyana nayo ikashika njia yake, kisha Barbados mwaka 1973. Sisi pia tuliivunja yetu: mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda zilianza kutoa shilingi zao badala ya ile ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki.

Leo noti hizo za Karibi hutafutwa na wakusanyaji. Ya dola 100 ndiyo adimu zaidi, kwa kuwa wachache walimudu kuiweka ndani bila kuitumia. Iliyokunjwa au kuchanika hushuka bei.

Lakini waliobaki pamoja hawakupotea. Maeneo manane bado yanatumia dola moja, na tangu 1976 dola 2.70 ni sawa na dola moja ya Marekani. Afrika Mashariki ilitia saini itifaki ya sarafu moja mwaka 2013 na kulenga 2024. Mwaka huo umepita. Sasa inatajwa 2031. Hadi hapo, mezani kwa mbadilisha fedha, hesabu senti zako.