Jeki Huinua, Stendi Hushikilia

Jumamosi asubuhi, katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, hukosi kumwona mtu amelala chali chini ya gari lake, miguu tu ndiyo imebaki nje. Anamwaga oili, anakagua ekzosi, au anatafuta kitu kinachogonga kila gari likipita kwenye tuta. Kazi zenyewe si ngumu, na kuzifanya nyumbani huokoa pesa. Linalotia hofu ni kilicholibeba gari: mara nyingi ni jeki peke yake, au jeki na tofali moja.

Gari dogo kama Toyota IST lina uzito wa takriban kilo 1,000, na kwa kuwa injini iko mbele, zaidi ya nusu ya uzito huo hukaa upande wa mbele. Likimshukia mtu kifuani, si lazima limvunje mbavu ndipo limuue. Likimbana tu kifua kisitanuke, atakosa pumzi, na dakika chache zinatosha kumaliza uhai wake.

Jeki za oili, iwe ile ya chupa au ile ndefu ya magurudumu, zinatumia kanuni aliyoieleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa ndani ya chombo, mkandamizo husambaa sawasawa pande zote. Joseph Bramah aliitumia kanuni hiyo kutengeneza mashine ya kukandamizia huko Uingereza mwaka 1795, na mwaka 1851 Richard Dudgeon wa New York akapewa hataza ya jeki ya oili inayobebeka. Tangu hapo mkono wa mtu mmoja unaweza kuinua tani 2. Lakini nguvu zote hizo zinashikiliwa na sili ndogo ya raba na valvu ya kuachia oili. Sili ikichakaa, au mchanga ukiingia kwenye valvu, oili hupenya na jeki hushuka, pengine polepole, pengine ghafla. Jeki ya mkasi inayokuja na gari haina oili, ila kitako chake ni chembamba na imetengenezwa kwa kubadilishia tairi tu. Gari likisukumwa kidogo kwa ubavu, jeki hiyo hulala.

Ndiyo maana mafundi makini hawaingizi hata mkono chini ya gari lililobebwa na jeki tupu. Jeki hulipandisha, kisha stendi za chuma zenye miguu mitatu au minne hulipokea.

Kazi huanza ardhini. Sakafu ya zege iliyo tambarare ndiyo bora. Kwenye mchanga wa pwani au udongo uliolowa mvua, miguu ya stendi huzama, tena huzama kwa kupishana, gari likaanza kuinama upande mmoja. Hata lami hulainika juani. Ubao mpana na mnene chini ya kila stendi husaidia kusambaza uzito, mradi ardhi yenyewe iwe imeshindiliwa na haina mteremko. Jeki ya magurudumu nayo inataka sakafu ngumu kwa sababu nyingine: mkono wake hupanda kwa kuzunguka, hivyo jeki lazima ijisogeze kidogo kadiri gari linavyoinuka. Magurudumu yake yakikwama mchangani, kikombe chake huteleza kutoka kilipowekwa.

Kisha ni kulizuia gari lisitembee, na hapa wengi hukosea. Katika magari mengi handbreki hushika magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua nyuma ya gari, magurudumu hayo yakaning'inia, handbreki haizuii tena chochote. Gia ya P nayo hufunga magurudumu yanayovuta gari. Kwa IST au Vitz ya kawaida hayo ni ya mbele, hivyo ukiinua mbele, P haina kazi. Kinachoaminika kila wakati ni kabari: vipande viwili vya mbao nzito, kimoja mbele na kingine nyuma ya kila gurudumu linalobaki chini. Jiwe la mviringo halifai, kwa kuwa tairi huliviringisha.

Mahali pa kuweka jeki pameonyeshwa kwenye kitabu cha gari. Magari mengi yaliyoagizwa Japani huja na kitabu cha Kijapani, lakini michoro inajieleza. Kwenye magari madogo mengi, chini ya milango kuna ukingo wa bati wenye mikato miwili iliyokaribiana. Katikati ya mikato hiyo ndipo penye nguvu. Sampu ya oili, bomba la ekzosi na sakafu ya bati havikuundwa kubeba gari.

Stendi mbili huwekwa pande zote mbili kwa urefu sawa, na jeki huteremshwa taratibu hadi gari likae juu ya stendi hizo. Tani zilizoandikwa zisomwe vizuri, kwani kwenye stendi nyingi ni uwezo wa jozi, si wa stendi moja.

Hata stendi si ya kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Mwaka 2020 kampuni ya Marekani, Harbor Freight, iliagiza zirudishwe zaidi ya stendi milioni 1.7 za tani 3 na tani 6, baada ya kubainika kwamba meno ya nguzo yangeweza kukosa kushikana sawasawa na ulimi wa chuma unaoyazuia, mzigo ukashuka ghafla. Miezi michache baadaye, baadhi ya stendi zilizotolewa kama mbadala nazo ziliagizwa zirudishwe kwa kasoro ya uchomeleaji. Kwa hiyo anayenunua stendi, ziwe mpya au za mtumba, akague maungio, apandishe nguzo jino kwa jino, na asikie ulimi ukiingia hadi mwisho. Zenye pini inayopita katikati ya nguzo zina ulinzi wa ziada.

Tofali la saruji lisitumike kabisa, hasa lenye matundu. Hubeba uzito mkubwa likiwa ukutani, mzigo ukiwa umetandazwa juu yake lote. Likikutana na ncha ya chuma, hupasuka vipande bila dalili yoyote. Asiye na stendi anaweza kupanga vipande vinene vya mbao ngumu kwa kupishana, safu juu ya safu, msingi ukiwa mpana. Mbao zikielemewa, kwa kawaida hulia na kubonyea kabla hazijaachia.

Kabla ya kuingia chini, gari lisukumwe kwa nguvu kutoka mbele na ubavuni. Likitikisika juu ya stendi, literemshwe kazi ianze upya. Ni heri lianguke wakati hakuna mtu chini. Kama kazi inahitaji kuvua gurudumu, nati zake ngumu zilegezwe gari likiwa bado chini. Likishakaa vizuri juu ya stendi, jeki isiondolewe bali ibaki imegusa gari kidogo, na tairi lililofunguliwa lilazwe chini ya bodi. Stendi ikishindwa, tairi hilo huacha nafasi ya mtu kupumua.

Usiifanye kazi hii peke yako. Anayebaki nje, awe mke, kijana wa nyumbani au jirani, aonyeshwe mapema jinsi ya kupampu jeki na mahali pa kuiweka. Ajali ikitokea, asimvute aliyebanwa huku gari bado limemlalia. Aite watu, apampu jeki hadi gari liachie mwili, mwingine asukumie mbao chini yake, ndipo majeruhi atolewe. Wakati huohuo simu ipigwe: Tanzania Zimamoto wanapatikana kwa 114, na Kenya namba ya dharura ni 999 au 112.