KUPUNGUZA PROGRAMU BILA KUPOTEZA KUMBUKUMBU



Programu ya Java humfikia mtumiaji ikiwa na majina yote aliyoyaandika fundi, na mwenye nia aweza kuifumua na kuisoma. Tena hubeba maktaba nzima hata kama inatumia kipande tu. Ndiyo sababu mafundi wengi hutumia ProGuard, chombo cha bure kilichotolewa na Eric Lafortune mwaka 2002. Hutupa kisichotumika, kisha hugeuza majina yaliyobaki yawe a, b, c.

Chombo huongozwa na faili ya maagizo. Mle twaandika programu inayoingia (-injars), itakayotoka (-outjars) na maktaba za Java yenyewe (-libraryjars). Tangu Java 9 ya mwaka 2017 faili ya rt.jar haipo, mahali pake zimo faili za jmod, na wengi hukwama hapo. Klasi yenye main nayo ilindwe kwa -keep, la sivyo chombo hakijui kianzie wapi.

Hatari kubwa ni kwamba chombo hakioni jina linalosomwa kutoka nje wakati programu inaendeshwa. Sisi yalitukuta. Programu yetu ya ada iliweka kumbukumbu kwa utaratibu wa Java ambao huandika jina la klasi ndani ya faili. Tulipotoa toleo jipya, klasi ya Mwanachama ilikwisha kuwa a, na faili za zamani zikagoma kufunguka. Hakuna shilingi iliyopotea, maana toleo la awali tulikuwa nalo, lakini makatibu wa matawi walirudia daftari siku kadhaa, na maneno tuliyasikia! Ilitupasa kuzilinda klasi hizo na sehemu zake zote kwa -keep, kisha kujaribu kufungua faili za zamani kabla ya kugawa toleo.

Tusijidanganye pia kwamba kuficha majina ni kutia kufuli. Neno la siri lililoandikwa ndani ya programu hubaki likisomeka vilevile.

Mwisho, agizo la -printmapping hutoa orodha ya majina ya awali na mapya. Ihifadhiwe pamoja na kila toleo. Tawi likileta taarifa ya hitilafu iliyojaa a na b, chombo cha ReTrace huyarudisha majina kwa orodha hiyo. Orodha ya toleo jingine haifai.