Bugobogobo: Ngoma iliyolima mashamba kabla ya kupanda jukwaani

WAKULIMA wa Kata ya Singe, mjini Babati, wanaosafiri kilometa zipatazo 170 hadi viwanja vya Themi, Arusha, kwa ajili ya Nanenane, hufuata mbegu, zana na habari za bei. Ngoma huihesabu kuwa burudani ya kupumzikia tu.

Lakini ipo ngoma moja ambayo mkulima angefaa kuitazama kwa jicho la biashara. Ni Bugobogobo ya Wasukuma, ambayo Watanzania wengi wameiona katika sherehe za shule au za kitaifa: ngoma kubwa zinarindima, wachezaji wanainama pamoja, wanarusha majembe juu na kuyadaka bila kukosea mdundo.

Majembe hayo si mapambo. Ngoma hii ilizaliwa shambani, ambako vikundi vya vijana vililima kwa kufuata mdundo ili mkono wa aliyechoka uende sawa na wa mwenye nguvu.

Katika vijiji vya Usukuma, vijana walikuwa na umoja wao chini ya kiongozi aliyeitwa nsumba ntale. Mwenye shamba alipohitaji nguvu kazi alizungumza na umoja huo, na malipo yakawa chakula, nyama au kitu kingine walichokubaliana. Kwa lugha ya leo, huo ulikuwa mkataba.

Ushindani nao ulikuwapo. Tangu karne ya 19, wachezaji wa Kisukuma wamegawanyika katika pande mbili, Bagika na Bagalu, zilizoanzishwa na waganga wawili waliokuwa mahasimu, Ngika na Gumha. Wanaposhindana, upande unaovuta watazamaji wengi ndio mshindi. Mashindano hayo hufanyika baada ya mavuno, na mojawapo ya makubwa ni sherehe ya Bulabo, ambayo hufanyika Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza, wakati wa Sikukuu ya Ekaristi.

Kwa wazee waliolima kwa jembe la mkono, hata nje ya Usukuma, kuiona Bugobogobo ni kukumbuka mengi: kuamshwa alfajiri, mistari ya watu shambani, na aibu ya kubaki nyuma ya wenzako. Sehemu nyingi za nchi yetu zilikuwa na desturi ya kuitana shambani kwa chakula au pombe, kwa majina tofauti.

Leo trekta, plau na vibarua vimechukua kazi hiyo. Hilo si baya. Ekari moja inayotifuliwa kwa trekta haihitaji watu kuimba. Hata hivyo, palizi na mavuno bado ni kazi ya mikono kwa wakulima wengi wadogo, na palizi huja wakati mfuko ni mtupu na kibarua anataka fedha taslimu.

Tuchukue mfano. Wakulima 10 wana ekari moja moja ya mahindi na mbaazi, na mtu mmoja hupalilia ekari kwa siku 10. Wakienda pamoja, kila shamba linamalizika kwa siku moja, na yote kwa siku 10. Jasho ni lile lile, lakini hakuna aliyekopa wala kuuza debe la mahindi kwa bei ya kutupa ili alipe vibarua.

Ugumu uko kwenye foleni. Wa kwanza anapaliliwa mapema. Wa mwisho shamba lake lote linasubiri siku tisa huku magugu yakinyonya mbolea. Asipohakikishiwa kuwa msimu ujao ataanza yeye, hatarudi. Vilevile, anayetuma mtoto badala ya kwenda mwenyewe huvunja kikundi haraka kuliko ukame.

Ndiyo maana ngoma ilikuwa na kazi. Mdundo ulimfichua mvivu mbele ya wote bila kikao cha usuluhishi, na uliwapa vijana sababu ya kujivunia jembe.

Kikundi cha palizi hakihitaji ngoma kubwa ili kianze. Kinahitaji kiongozi anayekubalika, daftari la zamu na adhabu inayojulikana kabla ya mvua. Wanaoweka akiba pamoja kwenye VICOBA tayari wanaaminiana kwa fedha. Kuaminiana kwa jembe ni hatua fupi tu kutoka hapo.