Magenge ya Wapolandi wa Marekani: Mtaa Kwanza, Taifa Baadaye

Ukitaja uhalifu wa magenge Marekani, akili za wengi hukimbilia Sicily. Filamu zimefanya kazi yake. Lakini hebu tuangalie Chicago ya mwaka 1926: nani alikuwa akimnyima Al Capone usingizi? Alikuwa kijana wa miaka 28, Mkatoliki wa kutembea na rozari, mtoto wa wahamiaji kutoka Poland. Wazazi wake walimwita Henryk Wojciechowski, ila mjini alijulikana kama Hymie Weiss, na kwa jina hilo wengi walimdhania Myahudi. Genge lake la Upande wa Kaskazini nalo lilihesabiwa kuwa la Waayalandi.

Wapolandi wa Chicago walikuwa jeshi kubwa la watu. Nchi yao ilifutwa kwenye ramani mwaka 1795, ikagawanywa kati ya Urusi, Prussia na Austria hadi 1918, na wakulima wake wakavuka bahari kwenda kuuza nguvu zao kwenye machinjio na viwanda vya chuma. Walijenga parokia na shule zao. Wavulana wao walikulia barabarani, na kila barabara ilikuwa na kundi lake la kuilinda. Mwanasosholojia Frederic Thrasher, katika kitabu chake cha mwaka 1927, alihesabu makundi 1,313 Chicago peke yake. Kwa jinsi ninavyosoma historia hii, kilichoyafunga mengi ya makundi hayo ni ujirani. Damu ilikuja baadaye, kwa sababu majirani mara nyingi walikuwa kabila moja.

Marufuku ya pombe iliyoanza Januari 17, 1920 iliwapa vijana hao mtaji. Bia ni mzigo mzito. Huwezi kuificha kwenye koti. Inahitaji kiwanda, malori, baa za kuipokea, na polisi wa kuangalia pembeni lori likipita. Polisi naye ana bosi, na bosi ana mwanasiasa wa kata. Kwa hiyo genge la bia lilifuata mipaka ya mtaa na ya siasa, likachukua yeyote aliyejua kazi. Weiss alishirikiana na Dean O'Banion, Mwayalandi mwenye duka la maua. Inasimuliwa kuwa miongoni mwa watu wa kwanza Weiss kuwachukua kwenye gari wasirudi alikuwa Mpolandi mwenzake, Steve Wisniewski, aliyethubutu kuiba lori la bia la genge. Undugu wa Kipolandi haukumwokoa.

O'Banion aliuawa dukani mwake Novemba 10, 1924. Weiss akashika uongozi na kulipiza bila kupumua. Januari 1925 alimvamia Johnny Torrio, mkubwa wa Capone; Torrio akapona majeraha na kumwachia Capone biashara nzima. Septemba 20, 1926 msafara wa magari ya Weiss ulipita kitongoji cha Cicero ukiimiminia risasi hoteli aliyokuwamo Capone. Capone akatafuta suluhu. Weiss alidai akabidhiwe wauaji wa O'Banion, Capone akakataa, na Oktoba 11 rashasha zikamwangusha Weiss karibu na Kanisa Kuu la Holy Name, zikifyatuliwa kutoka chumba cha kupanga. Risasi nyingine zilibandua jiwe la msingi la kanisa.

Mfukoni mwake ilikutwa orodha ya raia waliokuwa wakichaguliwa kuamua kesi ya mauaji ya Joe Saltis. Huyu Saltis, mfalme wa bia wa upande wa kusini-magharibi, magazeti yalimwita Joe Mpolandi, ingawa asili yake ilikuwa Austria-Hungary. Mwezi uliofuata aliachiwa huru. Ukiniuliza, orodha ile inaeleza uhalifu wa Chicago vizuri kuliko mti wowote wa ukoo.

Kulikuwa pia na majambazi wa namna nyingine, wasio na mtaa wa kulinda. Paul Jaworski, mzaliwa wa Poland, na wenzake walitega baruti chini ya barabara karibu na Pittsburgh mnamo Machi 11, 1927, wakalilipua gari la deraya lililobeba mishahara ya wachimba makaa na kuondoka na zaidi ya dola 100,000. Aliuawa kwa kiti cha umeme Januari 1929. Ujasiri ulikuwepo, ila mfumo haukuwepo.

Anayetaka kuona Wapolandi wakiendesha mfumo kama Wapolandi aende Hamtramck, mji mdogo uliozungukwa na Detroit. Kiwanda cha magari cha Dodge kiliupandisha kutoka watu 3,559 mwaka 1910 hadi 48,615 mwaka 1920, wengi wao Wapolandi. Hapo mpiga kura, polisi, mwenye baa na meya walikuwa watu wa lugha moja, na whisky ya Kanada ilikuwa ng'ambo ya mto Detroit. Peter Jezewski, meya wa kwanza wa mji huo, alifungwa kwa kula njama kukiuka sheria ya pombe. Baadaye meya mwingine, Dkt. Rudolph Tenerowicz, alitiwa hatiani kwa njama iliyohusu madanguro, akafungwa, kisha gavana akamsamehe. Wananchi walimrudisha kwenye umeya mwaka 1936, na miaka miwili baadaye wakampeleka Bungeni Washington.