Futi 5,000 za Nairobi Zimo Ardhini
Sehemu ya tatu

Juma lililopita tulimwacha mwongoza ndege mbele ya rada yake, akizipanga ndege zinazokuja kutua. Leo tuyatazame maneno anayowaambia marubani, na namna yanavyopotea njiani. Mfano wetu ni wa hapa hapa Nairobi. Wengi hawajawahi kuusikia, nadhani kwa sababu hakuna aliyekufa.

Tarehe 3 Septemba 1974, ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 ilikuwa ikishuka kutua Embakasi, uwanja ambao leo unaitwa Jomo Kenyatta. Mwongoza ndege aliiruhusu ishuke hadi futi 7,500 juu ya usawa wa bahari. Alizitaja tarakimu moja moja, kama ilivyo desturi ya redio: saba, tano, sifuri, sifuri. Marubani wakasikia tano, sifuri, sifuri, sifuri. Wakamrudishia walivyosikia, wala hawakusahihishwa.

Sasa kumbuka tunaishi wapi. Uwanja wa Embakasi uko futi 5,327 juu ya usawa wa bahari. Futi 5,000 hapa kwetu ziko ndani ya udongo, chini kuliko kaburi lolote. Kimo hicho hicho juu ya Mombasa kingekuwa anga tupu, salama salimini.

Ndege iliendelea kushuka ndani ya wingu. Ilipochomoza, ardhi hiyo hapo. Rubani akaivuta juu, lakini dude zito kama lile halipindi kama bodaboda. Liliendelea kudidimia kabla ya kukubali kupanda, na lilifika kama futi 70 tu kutoka ardhini. Mkia wa 747 iliyoegeshwa wenyewe una urefu wa futi 63 hivi. Na njia ya kurukia ilikuwa bado karibu maili nane mbele.

Nimepima kwenye ramani. Ukitoka mwanzo wa njia ile ukaelekea kusini-magharibi maili nane za angani, unaivuka mbuga ya taifa, unaiacha Lang'ata mkono wa kulia, na kuangukia upande wa Rongai, ambako nchi inaanza kupanda kwenda vilima vya Ngong. Siku hizi pamejaa maghorofa ya kupangisha, nguo zimeanikwa hadi juu ya paa. Kwa kimo walichopewa, marubani wale wangepita hapo wakiwa na karibu futi 2,000 chini yao.

Watu wenye ujuzi waliwezaje kusikia namba isiyowezekana? Dhana yangu ni hii. Iondoe ile saba ya mwanzo, imezwe na mkwaruzo wa redio, na kinachobaki ni tano, sifuri, sifuri. Hiyo haijakamilika kuwa kimo, basi akili inaongeza sifuri moja ili ikamilike. Na futi 5,000 ni kimo ambacho rubani aliyezoea viwanja vya karibu na usawa wa bahari, kama vya London, hukisikia mara kwa mara anaposhuka. Sikio lilimpa alichozoea. Hata sisi tunajua: mwambie mgeni kwa Kiswahili aje saa mbili asubuhi, halafu uone atafika lini.

Lakini kosa la kusikia halikutosha peke yake, kwa maana kibali kilirudiwa. Nenda kwa wakala wa M-Pesa pale Moi Avenue saa kumi na moja jioni, matatu zikipiga honi na makanga wakiita abiria. Mtajie namba ya simu. Atakusomea tena tarakimu zote kumi, nawe utaitikia "ndiyo, ndiyo" huku macho yako yakiwa kwenye noti unazohesabu. Namba imerudiwa, ila hakuna aliyeisikiliza. Mwongoza ndege naye ana ndege nyingine zinazomwita, na akisharidhika kwamba alisema sawasawa, anatarajia kusikia alichokisema.

Nairobi ilisalimika. Miezi mitatu baadaye, tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya TWA iliyokuwa ikienda kutua karibu na Washington iligonga mlima huko Virginia na kuua wote 92 waliokuwemo. Safari hiyo namba haikuwa na utata. Mwongoza ndege alitoa kibali cha kukaribia uwanja, marubani wakakielewa kuwa ruhusa ya kushuka papo hapo. Mwaka 1989, karibu na Kuala Lumpur, ndege ya mizigo ya Flying Tiger iliambiwa ishuke futi 2,400. Kwa Kiingereza, "mbili" na "hadi" hutamkwa sawa, hivyo marubani wakaelewa "hadi 400". Wanne wakafa kilimani.

Ajali ya Virginia ndiyo iliyowasukuma Wamarekani kulazimisha ndege kubwa za abiria zifungwe kifaa kinachopima ukaribu wa ardhi na kumpigia rubani kelele avute juu. Kelele hiyo haitegemei mnara wala lugha ya mtu yeyote. Juma lijalo tutaona kinavyofanya kazi, na kwa nini marubani wengine waliisikia wakadhani ni hitilafu.