Miguu ni Mizima, Lakini Hawezi Kwenda

Tuseme kuna mama mmoja anayekaa karibu na soko la Kavumu. Miguu yake ni mizima. Analima, anateka maji, anabeba kuni. Lakini tangu vita ilipofika hapa mwezi wa pili mwaka 2025, hawezi kwenda Miti wala Bukavu. Akifika barabarani moyo unapiga mbio, jasho linamtoka, pumzi inakatika, naye anarudi nyumbani. Dada yake akimshika mkono, anafika. Peke yake hawezi.

Je, mama huyu ana ulemavu wa kwenda? Wengine watasema, "Hapana, ni mvivu." Wengine watasema, "Hana imani." Wanakosea. Hofu ya namna hii ni ugonjwa. Mtu akipatwa na jambo la kutisha sana, mara nyingine mwili wake unaendelea kujilinda kana kwamba hatari ingali pale. Tena safari haitaki miguu tu. Inataka macho, akili, na moyo uliotulia. Kimoja kikikosa, mtu hafiki.

Katika nchi ya Uingereza neno hili lilileta shauri kubwa. Tangu mwaka 2013 serikali ya huko huwapa watu wenye ulemavu malipo yanayoitwa PIP. Kwa habari ya safari, kanuni zinauliza mambo mawili. La kwanza: mtu anaweza kutembea mwendo gani? La pili: anaweza kupanga njia na kuifuata? Kila jibu lina alama zake. Alama 8 zinaleta malipo madogo, alama 12 malipo makubwa. Mtu asiyeweza kufuata hata njia aliyoizoea pasipo msindikizaji hupata alama 12.

Mwezi wa 11 mwaka 2016 majaji walisema kwamba anayeshindwa kufuata njia kwa sababu ya hofu kubwa ahesabiwe vilevile. Serikali haikukubali. Mwezi wa 3 mwaka 2017 iliongeza maneno machache katika kanuni, kwamba sababu isiwe taabu ya moyo. Tangu hapo kipofu aliweza kupata alama 12, lakini mtu wa hofu, hata asiyeweza kutoka nyumbani kabisa, alipata 10 tu. Tarehe 21 Desemba 2017 Mahakama Kuu ya London iliyafuta maneno hayo, kwa kuwa yaliwabagua wagonjwa wa akili. Mwezi wa kwanza mwaka 2018 serikali ilikubali hukumu, ikaahidi kupitia upya faili zipatazo 1,600,000.

Kwetu Kongo hakuna malipo kama hayo kwa kila mwenye ulemavu. Lakini Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inasema mwenye ulemavu ana haki ya kulindwa kadiri ya mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya moyo. Haikutaja mwili peke yake. Tena mfanyakazi aliyelipiwa michango ya CNSS anaweza kuomba pensheni akishindwa kazi kwa ulemavu. Kwa hiyo karatasi ya munganga ina maana, na munganga huandika yale anayoyajua. Ukienda kwake, shika maneno haya:

1. Usiseme tu, "Ninaogopa." Sema hofu inakuzuia nini: "Ni miezi sita sijafika sokoni peke yangu."

2. Sema ni siku ngapi. Huko Uingereza wanauliza kama shida iko zaidi ya nusu ya siku. Usitaje siku nzuri peke yake.

3. Sema unafika namna gani. Aliyefika akitetemeka, asiweze kurudi wala kwenda tena kesho, hakufika vizuri.

4. Njoo na yule anayekusindikiza. Ameona mambo ambayo wewe huyaoni.

5. Usiongeze neno la uongo, wala usifiche neno kwa haya.

Lakini karatasi si dawa. Hofu hii inatibika. Huko Bukavu SOSAME imetunza wagonjwa wa akili kwa miaka mingi. Waganga husikiliza mgonjwa, na pengine kumpa dawa. Tena humfundisha kurudia njia kidogo kidogo: leo mpaka mwisho wa kiwanja, juma lijalo mpaka kanisani, baadaye mpaka sokoni. Anayekaa ndani siku zote, hofu yake inazidi kukua.

Nanyi mlio nyumbani, msimcheke wala msimsukume. Kiwete tunampa fimbo, na hakuna anayemwuliza kwa nini anaishika. Mgonjwa wa hofu naye ana fimbo yake: ni ndugu anayetembea pamoja naye.