Adabu ya Kuwaka na Kuzimika

Lilipoanza Bwawa la Julius Nyerere kupeleka umeme katika gridi ya taifa mwezi wa Februari mwaka 2024, mtambo uliotangulia kuingizwa kazini ulikuwa ule wenye namba tisa, zamu ikifuata utayari. Na mitambo yote tisa, yenye uwezo wa megawati 235 kila mmoja, ilipokwisha kukamilika mwaka uliofuata, jumla yake ilifika megawati 2,115. Mkazi wa Kibiti au Bungu awashaye taa magharibi hana haja ya kuyajua hayo. Walakini maji yapitayo katika mitambo ile ndiyo yateremkayo Utete na kugawanyika katika mikono ya delta ya Rufiji, na kinachoamsha mtambo huu na kulaza ule, kwa amri ya mhandisi, ni programu ya kompyuta.

Programu yoyote kubwa, iwe ya umeme, ya benki au ya hospitali, ni jamii ya viungo vingi, na kila kiungo kina umri wake: hutayarishwa, huanzishwa, huhudumu, husimamishwa, kisha huondolewa. Kwa mujibu wa kanuni hiyo mtambo wa maji hauwashwi kwa mkupuo mmoja. Sharti kwanza pampu zipeleke mafuta kwenye beringi na maji ya kupozea yapite. Halafu breki zilegezwe, milango iongozayo maji ifunguliwe kidogo kidogo, mtambo ushike kasi yake, jenereta ipewe usumaku. Na umeme wake ukishalingana na ule wa gridi kwa nguvu na kwa mpigo, ndipo uunganishwe. Kila hatua hungoja ushahidi wa hatua iliyotangulia, wala haitosheki na habari kwamba amri imekwisha kutolewa, maana pampu iliyoamriwa kuzunguka na pampu inayotoa mafuta ni mambo mawili mbalimbali. Nahodha wa Nyamisati naye hatweki tanga kwa kuambiwa tu kuwa maji yamejaa. Hutazama kwanza kama chombo kimeelea.

Na ikiwa mafuta hayakufika? Hapo ndipo inapotambulikana kazi ya fundi na kazi ya mwenye pupa. Programu ya fundi husimama papo hapo, ikaitaja sababu ya kwanza bila ya kuifukia chini ya rundo la makosa yaliyozaliwa nayo, kisha ikavizima viungo vilivyokwisha kuanza kwa kurudi njia ile ile, kilichowashwa mwisho kikizimwa kwanza, kisibaki hata kimoja kikizunguka pasipo mwenzake. Kujaribu tena kunaruhusiwa madhali kosa ni la kupita, mathalani mtandao uliokatika kwa dakika moja. Lakini majaribio yawe na idadi, na kila moja lingoje zaidi ya lililotangulia, isije kompyuta iliyokuwa ikizinduka ikaangushwa tena na maombi ya wote waliokuwa wakiisubiri. Kosa la kudumu, kama nywila isiyo sahihi au faili lisilokuwapo, halitengenei kwa kurudiwa; na ile desturi ya maofisi mengi, ya kuzima na kuwasha mpaka jambo likae sawa, mimi naichukia kwa kuwa aghalabu hufuta ushahidi kabla haujasomwa.

Delta yenyewe imewahi kushuhudia ukarabati wa kiungo kimoja kimoja. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoharibika mtambo baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha humo, vyuma vyake vibovu vikafunguliwa na kukokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam, vikatengenezwa na kurudishwa. Mtambo ulipona, ila njia ya kutokea baharini ilikwisha kuzibwa, na mwezi wa Julai 1915 meli ikaangamia mtoni. Ndiyo sababu programu nzuri huuliza maswali mawili, kama kiungo ki hai, na kama kinaweza kuwafikia wanaokihitaji. Na jibu la kwanza halitoshi badala ya la pili.

Fundo gumu kuliko yote ni la viungo viwili kungojana. Tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya taifa ilipata hitilafu, umeme ukakatika katika sehemu kubwa ya nchi. Katika giza la namna hiyo pampu hutaka umeme, na umeme hungoja pampu. Kwa hiyo kituo kinachotakiwa kuinuka peke yake huwekewa betri au jenereta ndogo ya dizeli isiyomtegemea mtu, nayo huamsha mtambo mmoja, huo ukaamsha mingine, na wateja wakarudishwa sehemu kwa sehemu ili mtambo ulioinuka punde usilemewe. Waandishi wa programu hulikata fundo hilo kwa kutafuta kiungo kiwezacho kuanza na kidogo, kikahudumu nusu mpaka mwenziwe atokee.

Kuzimika nako kuna adabu yake, ijapokuwa wengi hukusahau. Mwezi wa Machi mwaka 2024 shirika la umeme la TANESCO lilisimamisha vituo vitano vya umeme wa maji kwa kuwa umeme ulizidi matumizi. Mtambo wa maji ukiondolewa mzigo ghafula huku maji yakisukuma, hupata kasi ya hatari. Na milango ikifungwa kwa pupa, maji hulipiga bomba kwa kishindo. Basi mzigo hupunguzwa, milango ikafungwa kwa kiasi, na breki zikangoja mpaka kasi ishuke. Programu nayo hukataa maombi mapya, humaliza yaliyo mkononi, hufunga mafaili yake na kurudisha ilichoazima. Na kwa kuwa kiungo kimojawapo chaweza kukataa kusimama, huwekewa muda, na muda ukipita huzimwa kwa nguvu, jina lake likaandikwa katika kumbukumbu za mfumo, ili atakayeiwasha asubuhi ajue pa kuanza kukagua.